Mvua Kwenye Sauti ya Mama Atu

Jumamosi Tandika haina mwenyewe. Mitumba imemwagwa chini, spika moja inanadi sufuria, spika nyingine inaizomea ile ya kwanza, na mama wa dagaa kakaa ubavuni mwa muuza viatu mpaka harufu zao zimekuwa moja. Katikati ya vurugu hiyo kulikuwa na kibanda cha picha: pazia jeupe ukutani, stuli moja, na feni inayozunguka inapojisikia. Mwenye kibanda alikuwa Venance, kijana wa Kimakonde mzaliwa wa Temeke, mrefu, shati la mistari limechomekwa vizuri, vidole vyembamba kama vya msusi.

Alikuwa anatafuna muhindi wa kuchoma mlangoni msichana mmoja alipompita bila hodi, akafika ndani, akakumbuka, akarudi nje, akapiga hodi, akaingia tena.

"Wewe mgeni au mwenyeji?" Venance akamuuliza.

"Mie mteja. Nataka picha ya viza."

Alikuwa amevaa gauni la kitenge la njano lenye mikono ya kujaa upepo, raba nyeupe zilizokwishashika vumbi la soko, na rasta nyembamba zilizomwagika mabegani. Venance aliuficha muhindi nyuma ya kompyuta na kufuta mikono kwenye suruali.

"Kaa hapo, sista. Nywele zifunge nyuma. Viza wanataka masikio, hawataki hereni wala meno."

"Meno yamewakosea nini?"

"Sijui. Labda wanaogopa ukicheka utawaambukiza."

Msichana akacheka, na picha ya kwanza ikaharibika.

"Usicheke."

"Sicheki."

"Unacheka mpaka masikio yanatikisika."

"Unanichekesha wewe. Kwanza wewe kabila gani?"

"Mmakonde."

"Mmakonde badala ya kuchonga vinyago unapiga picha?"

"Baba alichonga mpaka anakufa. Kinyago alau kinatulia. Wewe lazima utakuwa Mnyakyusa."

"Umejuaje?"

"Umeingia kwangu kama unakuja kudai shamba."

Picha ya pili ikaharibika, na ya tatu. Alipopata moja isiyo na meno, msichana alikuwa na machozi ya kicheko pembeni mwa macho, na Venance alikuwa amesahau kwamba nje kuna foleni. Alizikata picha polepole kuliko ilivyo desturi yake.

"Nipe namba, nikutumie na kwenye simu."

"Hizi nimeshazishika mkononi."

"Zikipotea?"

"Wewe ndiye unataka zipotee," akasema. Lakini namba alimpa. Jina aliliandika mwenyewe kwenye simu ya Venance: Atuganile. "Niite Atu. Ukilivuta lote utachoka kabla sijaitika."

Atu alikuwa akiishi Kibamba na mama yake, wawili tu. Mama Atu alikuwa mjane. Aliuza ndizi za Tukuyu pale Mabibo, mwanamke mnene wa mabega, kanga imefungwa kiunoni kama mkanda wa vita. Siku Venance alipopelekwa kusalimia, mama alikuwa ameshika mkungu kila mkono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayemkataza mwanangu kucheka?"

"Si mimi, mama. Ni ubalozi."

"Hao ubalozi wataniona," mama akasema, akamkabidhi mkungu mmoja aubebe. Venance akajua amekubaliwa.

Atu alikuwa amepata chuo ng'ambo, nchi ya baridi, na chuo chenyewe kilimlipia ada. Alikuwa anakwenda kusomea ufundi wa mashine za hospitali, zile zinazoona ndani ya kichwa na kifua cha mtu. Nchi hii mashine hizo zinaletwa. Zikija, wakubwa wanakuja kukata utepe, tunapiga makofi, wanakula, wanaondoka. Zikiharibika zinafunikwa shuka kama maiti, mafundi wanasubiriwa kutoka nje, na mgonjwa naye anaambiwa asubiri. Atu alifanya kazi ya kujitolea mwaka mzima katika chumba chenye mashine iliyofunikwa shuka. Ndiyo maana alitaka kwenda.

Siku ya usaili Venance alimsindikiza mpaka ubalozini Msasani, akabaki ng'ambo ya barabara. Walinzi wa kule hawataki mtu asimame karibu na ukuta hata kama ukuta umejengwa kwenye ardhi ya babu yake. Atu alipotoka alikuwa anatembea kwa vidole.

"Wamenipa, Vena."

"Walikuuliza nini?"

"Nini kitakachonirudisha Tanzania."

"Ukajibu?"

"Mama yangu. Nimewaambia sina mwingine, na yeye hana mwingine."

"Na mie?"

"Wewe ningekutaja vipi? Niseme kuna mpiga picha wa Tandika ananichekesha?"

Venance alicheka naye. Lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa perege.

Viza yenyewe ilikuwa ya kuingia mara moja. Ukishatoka kule, mlango umejifunga nyuma yako. Ukitaka kurudi uanze upya: foleni, ada, dirisha, maswali. Sheria hiyo waliitunga watu ambao mama zao wanazikwa karibu. Na wakubwa wetu hawakuipigia kelele, kwa kuwa pasipoti zao wao zina rangi nyingine.

Uwanja wa ndege Mama Atu alivaa kitenge kipya na viatu vya kanisani. Hakulia. Alimshika binti yake masikio yote mawili, akamtazama usoni.

"Nenda. Usigeuke nyuma, ukigeuka nitakuita."

Atu hakugeuka. Mama alingoja mpaka kile kichwa cha rasta kikapotea, ndipo akamwambia Venance, "Nishike mkono, baba. Miguu imekataa."

Simu zikaanza.

"Bebi, huko baridi?"

"Ya kukata masikio. Sasa nimeelewa kwa nini walitaka kuyaona kwenye picha. Walikuwa wanahakikisha ninayo."

"Umekula?"

"Nimekula mkate wenye ladha ya boksi. Mama je?"

"Nipo kwake hapa. Amenipa ndizi na utumbo mpaka siwezi kuinuka."

"Unakula chakula changu, Vena."

"Nakula kwa niaba yako, laazizi. Naona hata unanenepa kwenye picha."

Kila Jumapili Venance alikuwa Kibamba. Alirekebisha mlango wa choo na kubeba ndizi, akikemewa na Mama Atu kama aliyemzaa. Jirani walimwita mkwe, naye hakuwasahihisha.

Masika yalipoanza, Mama Atu alianguka sokoni katikati ya mikungu. Upande wa kushoto wote ulikufa, mguu na mkono, mdomo ulisalimika. Walimkimbiza hospitali kubwa. Daktari alisema inatakiwa picha ya kichwa, wajue ni damu imemwagika au imeganda, maana dawa ya hii ni sumu kwa ile. Wakamsukuma hadi kwenye chumba cha mashine. Mashine ilikuwa imefunikwa shuka.

"Fundi anakuja," nesi alisema, naye alikuwa ameshachoka kulisema.

Fundi hakuja. Mama alirudishwa Kibamba afie kwake, ingawa hakuna aliyetamka hivyo. Waliandika kwenye cheti: aendelee kuangaliwa nyumbani.

Atu aliambiwa presha imepanda kidogo. Aliposema anarudi, mama alimnyang'anya Venance simu kwa mkono uliobaki.

"Urudi ufanye nini? Wewe daktari? Kaa hapo, soma."

Mchana mmoja mvua ilikuwa inapiga bati kwelikweli, maji yanapita uani kama mto, Mama Atu akamwita Venance kitandani. Sauti yake ilikuwa imeshuka lakini maneno yalitoka sawasawa.

"Vena, simu yako inashika sauti?"

"Inashika, mama."

"Haya, nishike. Nimwachie Atu maneno ya kumtosha mpaka mtihani."

Venance alielewa.

"Mama, mie siwezi kumdanganya."

"Sikutumi umdanganye. Nakutuma unifikishe. Nikifa akasikia, atatoka kule. Akitoka ndiyo basi, hawatamrudisha. Nimebeba ndizi miaka yote hiyo ili aje atupe udongo halafu akae Kibamba aniangalie kaburi? Mtihani ukiisha mwambie. Mwambie ni mimi niliyetaka."

Akaanza kusema. Vipande vifupi vifupi, akipumzika katikati, mvua inapiga bati juu yake.

"Atu mwanangu, mie sijambo. Umekula? Usilale na nywele mbichi."

"Atu, leo nimeshinda vizuri. Jirani kaleta kuku, tumemla na Vena, firigisi kala yeye."

"Atu, umesoma? Soma. Mie nipo."

Hiyo ya mwisho aliirudia, hakuridhika nayo. "Mie nipo," alisema tena, akafunga macho, akaashiria inatosha.

Alikufa Aprili, wiki ya pili, alfajiri, Venance akiwa uani anachota maji.

Msiba ulikuwa chini ya turubai la kukodi. Baba mdogo wa Atu, mzee Lusungu, alikusanya ndugu akasema neno moja. "Kwetu sie mtu wa mbali hapigiwi simu akaambiwa mama yako amekufa. Anaambiwa mgonjwa, aje. Akifika anakuta turubai, anajua. Na marehemu kaacha agizo. Kwa hiyo midomo ifungwe mpaka mtihani upite."

Wote waliitikia, na kila mmoja alijua ndiyo desturi. Ila desturi ile ilitengenezwa kwa watu wanaokuja. Mtu alipanda basi usiku kucha akijidanganya kidogo, asubuhi anashuka, anaona turubai, analia na wenzake, yanaisha. Haikuwa imepata habari za viza.

Kaburini Kibamba Venance alitupa udongo, akainama akachota mwingine.

"Hii yangu," alisema. "Hii ya Atu."

Akaanza kutuma sauti. Alimwambia Atu kwamba daktari amekataza mama kuongea na simu, inampandisha presha, ila kurekodi anaruhusiwa. Leo kipande kimoja, wiki ijayo kingine. Na Atu alijibu, kwenye simu ya mama yake, ambayo sasa ilikaa mfukoni mwa Venance.

"Mama, nimefaulu jaribio la umeme. Mwalimu kasema mikono yangu inasikiliza mashine. Mama, nikirudi nitakununulia viatu visivyobana."

Venance alisikiliza hayo kibandani, pazia limeshushwa, wateja wanagonga. Alitakiwa aweke alama kwamba ujumbe umesikilizwa, la sivyo Atu angeingiwa na wasiwasi. Basi alisikiliza yote hadi mwisho. Alikonda hata mama wa dagaa akamuuliza kama anaumwa.

Juni ikafika, mtihani umebaki wiki moja. Venance alikuwa amebakiwa na kipande kimoja, akakituma. Mie nipo.

Atu alikisikiliza akiwa kwenye korido ya chuo, akakirudia kwa kuwa kilikuwa kitamu. Akampigia binamu yake Jesca wa Mbagala wacheke kidogo kabla ya kurudi kwenye vitabu.

"Jesca, huko mvua imewakomesha eti?"

"Mvua ipi, dada? Tunanunua maji kwa madumu. Mwezi huu hata wingu la kusingiziwa hakuna."

"Kibamba imenyesha. Nimemsikia mama sasa hivi, bati linalia mpaka sauti haisikiki vizuri."

Jesca alikuwa ameambiwa afunge mdomo. Habari za sauti hakuambiwa.

"Umemsikia mama gani, dada Atu?"

"Mama yangu."

Jesca akamtaja Mungu kwa sauti ya chini.

"Jesca. Mama yangu yuko wapi?"

Simu ikakatwa. Atu alisimama pale, wanafunzi wanampita na vikombe vyao vya kahawa. Akaisikiliza sauti ya mama tena, safari hii akisikiliza mvua. Kisha akampigia Venance.

"Uko wapi, Vena?"

"Kibamba, kipenzi, nipo na mama."

"Mpe simu."

"Amelala."

"Mwamshe."

Nyuma ya Venance spika ilinadi: sufuria, sufuria, seti nzima, mama njoo. Ile ile.

"Uko Tandika," Atu akasema. "Mama amekufa lini?"

Venance alikaa juu ya stuli ya wateja.

"Aprili."

"Arobaini imepita."

"Imepita."

"Siku hiyo mie nilikuwa nafanya nini?"

"Atu, achana na hayo."

"Nauliza. Nilikuwa nafanya nini?"

"Ulinitumia picha. Umekaa kwenye majani, kuna maua."

"Nacheka?"

"Unacheka."

Venance aliinuka, akashusha pazia la mlango.

"Ni yeye aliyetaka, mpenzi. Alisema mtihani ukiisha. Usitoke, nakuomba, ukitoka tu viza..."

"Usiniite mpenzi. Umenilisha sauti ya marehemu, Vena. Nimeila wiki hadi wiki, nikasema asante."

Alitoka. Chuo kilimwambia anaweza kurudi Septemba kufanya mtihani, kama atapata viza nyingine. Aliitikia bila kusikia, akapanda ndege.

Alifika Kibamba na begi lake, gauni jeusi la kuazima, raba zile zile. Hakupita nyumbani. Mzee Lusungu alimpeleka moja kwa moja makaburini, akimweleza njiani kama anayejitetea.

"Tulitaka kulijengea, mwanangu. Saruji ilikuwepo, marumaru ilikuwepo. Huyu kijana alikataa. Mie baba mdogo nimekatazwa na mpiga picha. Alisema likishajengewa, Atu akija atatupa udongo wapi? Mvua ikija analifunika, likibomoka analikusanya tena. Watu wamesema familia yetu haina uwezo. Nimevumilia."

Venance alikuwa pale na jembe, anatoa magugu. Makaburi ya jirani yote yaling'aa marumaru. La Mama Atu lilikuwa tuta la udongo mwekundu, kama la jana.

Atu alipiga magoti. Alichota udongo kwa mikono miwili, akaushika muda mrefu, kisha akauachia. Alilia kwa sauti, kwa Kinyakyusa, maneno ambayo Venance hakuyajua lakini aliyaelewa. Alipoinuka alimpita Venance bega kwa bega bila kumtazama. Venance akabaki ameshika jembe.

Julai ikapita. Atu alijaza fomu upya, akalipa upya, akapewa siku ya usaili. Picha alipiga mahali pengine, Sinza. Venance aliziona kwa Lusungu mezani: masikio yapo, meno hayapo, na macho pia kama hayapo.

Mzee Lusungu alimwita Atu sebuleni, Venance akiwa amekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki.

"Mwanangu, hawa wazungu wanataka kuona una kitu cha kukurudisha. Mama ndiyo hayupo. Sema una mchumba. Huyu hapa. Mwanamke mwenye mchumba anaonekana atarudi."

"Mie nipo tayari," Venance alisema. "Nitavaa suti. Nitatoa ushahidi wowote."

Atu alimtazama kwa mara ya kwanza tangu arudi.

"Siendi kusema hivyo, baba mdogo."

"Kwa nini?"

"Siendi tu."

Venance alisimama, akaaga kwa heshima, "Mzee, kwaheri, naenda kufungua kibanda," akatoka. Mwiba wa siku ile ya usaili wa kwanza uliingia ndani zaidi. Hata kwa karatasi hanitaki, alijisemea. Hakwenda tena Kibamba, isipokuwa makaburini, saa ambazo alijua Atu hayupo.

Kwenye dirisha la ubalozi alikuwepo mama mmoja mwenye miwani, si mkali, amechoka.

"Nini kitakurudisha nyumbani?"

"Kaburi la mama yangu," Atu alisema. "Halijajengewa."

Mama wa dirishani alitazama karatasi. Pengine na yeye alikuwa na mama. Lakini waliomweka pale hawakumwekea nafasi ya kuandika kaburi.

"Una mume? Mchumba? Watoto? Kiwanja?"

"Sina."

Akapewa karatasi ndogo ya kwamba hakuonyesha sababu ya kutosha ya kurudi alikotoka. Mara ya kwanza walimpa kwa kuwa ana mama. Mara ya pili wakamnyima kwa kuwa mama amekufa, naye alikufa kwa ubovu wa mashine ambayo mtoto alikwenda kujifunza kuitengeneza. Hakuna mkubwa aliyepoteza usingizi. Kesho yake kwenye taarifa ya habari walikata utepe wa mashine nyingine.

Kutoka dirishani Atu hakwenda nyumbani. Alikwenda Tandika. Ilikuwa alasiri, soko limeanza kulegea, mama wa dagaa anasinzia. Alikuwa amevaa gauni la njano la siku ile. Alisimama mlangoni, akapiga hodi.

"Karibu," Venance alisema bila kuinua kichwa, halafu akainua.

"Wamekataa."

Venance aliweka mkasi chini.

"Uliwaambia una mchumba?"

"Hapana."

"Basi hata kwa uongo hukunitaka, Atu. Nimekosa, najua nimekosa. Lakini hata pale dirishani?"

"Nisikilize, Vena. Mara ya kwanza walipouliza nilitoa jina la mama. Wakanigongea muhuri. Na muhuri huo ndio uliokufunga mdomo usiniambie amekufa. Leo wakauliza tena. Jina lako lilikuwa hapa." Alijigusa shingo. "Nikasema hapana. Huyu simtoi kwenye dirisha ili nipewe kitu. Nikimtaja, nimtaje bure."

Spika ya sufuria ilikuwa imezimwa. Feni ilijisikia, ikazunguka mara chache.

"Unitaje wapi sasa?" Venance aliuliza.

"Hapa. Nimekutaja." Akakaa kwenye stuli ya wateja, miguu imechoka. "Lakini sikia. Siku mtu akifa utaniambia amekufa. Si mgonjwa, si amelala. Hata niwe leba, hata niwe juu ya ndege. Amekufa, useme amekufa."

"Nitasema."

"Anza leo. Nimekonda?"

Venance alimwangalia kwa makini, kama anayepima mwanga.

"Umekonda. Na hilo gauni limekuwa la mtu mwingine."

"Chuo je?"

"Chuo..." Alikuwa na maneno ya kufariji tayari mdomoni, ya mlango mwingine na Mungu kujua. Aliyameza. "Chuo kimekwisha, Atu."

Atu akatikisa kichwa kukubali, kisha akaanza kulia, taratibu, mikono mapajani. Hakuna aliyemwambia hivyo tangu atoke ubalozini. Kila aliyempigia simu alimwambia atajaribu tena. Venance hakumwambia anyamaze. Alishusha pazia la mlango, akakaa juu ya ndoo karibu naye.

"Mama alitaka nisome," Atu alisema baadaye. "Mimi na wewe na baba mdogo wote tulimtii, na bado."

"Na bado."

"Kesho njoo Kibamba na saruji. Tumjengee."

"Nitakuja."

"Tukimaliza, njoo na wazee wako. Baba mdogo hatakataa, alishazoea kukatazwa na wewe."

Venance alifunika uso kwa viganja. Alipoufunua Atu alikuwa amegeuka, ametazamana na pazia jeupe.

"Nipige moja."

"Ya nini?"

"Ya kuweka pembeni ya mama, ukutani. Nataka awe na ya kwangu ya mwaka huu. Za ng'ambo zote nacheka, siwezi kuziweka pale."

Venance alichukua kamera. Atu alifunga rasta nyuma, masikio yakatokea, mazoea hayo. Venance naye kwa mazoea akasema, "Usicheke."

"Hii si ya viza, Vena."

Kweli haikuwa ya viza. Basi aliusubiri ule uso uchague wenyewe. Mara ulikaribia kulia, mara kitu kilipita mdomoni kikarudi. Mtu alipiga hodi nje, akaambiwa asubiri. Venance alishusha kamera, akaiweka mapajani, akarudi juu ya ndoo yake kungoja. Kulikuwa na muda. Hakuna aliyekuwa na safari.